Maswali ya wasomaji: Shimo la gofu husomwa kuanzia kwenye bendera

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: shimo hili nilipige vipi? Tumechagua saba. Vipimo tumeviacha kwa yadi kama mlivyoandika. Anayetaka mita apunguze karibu asilimia 9.

Ndugu wahariri, handikapu yangu kiwanjani ni 24. Shimo linalonitesa ni pari 4 (linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne) ya yadi 400, namba 3 kwa ugumu. Draiva, fimbo yangu ndefu ya kuanzia, ikikubali inanifikisha 220. Halafu napiga wudi ya 3, fimbo ndefu nyingine, nifike grini (uwanja wa nyasi fupi wenye bendera), na hapo ndipo mikwaju saba na nane inapozaliwa. Nibadilishe fimbo? — Msomaji, Ntinda, Kampala

Fimbo ziache kama zilivyo, ndugu yetu. Kinachotakiwa kubadilika ni hesabu. Handikapu 24 inakupa mkwaju mmoja wa bure katika kila shimo kati ya 18, na sita zinazobaki zinaangukia mashimo magumu, namba 1 hadi 6. Hili ni namba 3, kwa hiyo una mikwaju miwili ya bure. Kadi inasema 4, lakini pari yako wewe ni 6. Ukifika grini kwa mkwaju wa tatu na ukaputi (kuviringisha mpira shimoni) mara mbili, umeandika 5 na umelishinda shimo. Hakuna anayekudai ufike kwa miwili.

Sasa lipange kinyumenyume. Jiweke kwenye bendera, kisha tazama ulikotoka. Grini imeinamia wapi? Banka, yale mashimo ya mchanga, ziko upande gani? Ukikosea, ni wapi utachipu (mkwaju mfupi wa kuingia grini) kwa raha na ni wapi utalia? Tuseme banka kubwa iko mbele kushoto, na nyuma ya grini ardhi inaporomoka. Basi mkwaju wa tatu upigwe kutoka kulia kwa feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini), ambako unaiona grini kwa urefu wake bila kuvuka mchanga, na utoke katika umbali unaoufahamu vizuri, pengine yadi 90 za weji, fimbo ya mikwaju mifupi. Draiva ya 220 imekuachia 180. Ukitaka 90 zibaki, mkwaju wa pili ni wa yadi 90 tu. Hiyo ni weji au chuma 9, si wudi. Watu huona haya kutoa chuma 9 katikati ya pari 4 ndefu huku wenzao wakitazama. Kwenye kadi hakuna kisanduku cha kuandika fimbo uliyotumia.

Wudi ya 3 kutoka kwenye nyasi ndiyo inayokuangusha, hasa mpira ukiwa kwenye rafu iliyolowa. Majani marefu yenye maji hujizungusha kwenye shingo ya fimbo, uso unajifunga, na mpira unakwenda chini kushoto yadi 60. Hata ukiupiga safi, unafika grini ukiwa chini na wenye kasi, na haukai.

Na draiva je? Hatusemi ibaki nyumbani. Tazama upana wa mahali mpira utakapoangukia, kati ya yadi 200 na 230. Pakiwa wazi, piga draiva bila wasiwasi. Feawei ikibanwa na miti au kinamasi hapo hapo, chukua haibridi (fimbo iliyo kati ya wudi na chuma) ya 175, kisha chuma 7 ya 130, halafu weji ya 95. Jumla ni 400 kamili, na hakuna mkwaju kati ya hiyo mitatu unaohitaji muujiza.

Hesabu hizi hazina maana kama hujui yadi zako. Nenda kiwanja cha mazoezi na mipira unayochezea kweli, kwa sababu ile ya kukodi kwa ndoo mara nyingi imechakaa na haisafiri sawa. Piga 10 kwa kila fimbo. Tupa miwili iliyokwenda mbali kuliko yote na miwili iliyoharibika, chukua wastani wa sita iliyobaki. Andika namba mbili: umbali wa hewani hadi mpira unapogusa ardhi, na umbali wa mwisho baada ya kuviringika. Ukivuka maji au banka, namba ya kwanza tu ndiyo inayohusika. Angalia pia ile 10 imetawanyika kwa upana gani. Lengo zuri ni lile ambalo mpira wako wa kulia kabisa na wa kushoto kabisa yote miwili inabaki salama. Mara nyingi lengo hilo si katikati ya feawei.

Jambo dogo kwenye ti, mahali pa kuanzia shimo: hatari ikiwa kulia, weka mpira upande wa kulia wa ti na ulenge kushoto. Wengi hufanya kinyume, wanajisogeza mbali na hatari, kumbe wanajielekeza kwake. Unaruhusiwa pia kurudi nyuma ya alama za ti hadi urefu wa fimbo mbili ukatafute ardhi tambarare.

Handikapu yangu 14. Tuna pari 4 ya yadi 360 inayopinda kushoto kwenye yadi 210. Kona ya ndani ina mivule, na kijito chenye vigingi vyekundu kinakatiza mbele ya grini. Draiva yangu inakwenda 225, hewani 205. Kukata kona juu ya miti kunataka 215 hewani. Wenzangu wawili wanakata. Na mimi nikate? — Msomaji, Entebbe

Hewani una 205, kona inataka 215. Jibu umeliandika mwenyewe.

Hata bila kukata kona, draiva haifai hapa. Ukiipiga moja kwa moja, mpira utapita pindo kwenye 210 na kuishia vichakani upande wa mbali. Ukiipinda kushoto, unakutana na mivule. Chukua fimbo inayokupa 180 na uiweke nusu ya kulia ya feawei. Shimo linalopinda kushoto hufunguka kutoka kulia. Aliyelala kushoto kwa kuogopa umbali ataiona bendera kupitia matawi, au asiione kabisa.

Zimebaki 180 hadi katikati ya grini. Hujatuambia kijito kiko yadi ngapi, kwa hiyo tunakadiria maji yanaanza kama yadi 38 kabla ya katikati ya grini, yaani 142 kutoka ulipo, na upana wake yadi tano. Kaipime mwenyewe kwa hatua. Unahitaji 150 hewani ili ulale usingizi. Kama chuma 5 yako inasafiri 165 hewani, mpira umekaa vizuri juu ya nyasi na miguu yako iko sawa, piga. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, mathalani mpira umezama kwenye majani au uko chini ya usawa wa miguu, chukua weji ya 95 na ujiachie 85. Usijiachie 40. Nusu-mkwaju wa weji ndio mgumu kuliko yote kwa handikapu ya 14: mkono unaogopa, unapunguza mwendo katikati, na mpira unatua majini kwa umbali ambao mtoto angerusha kwa mkono.

Ukitumbukia, vigingi vyekundu vinakupa njia tatu, zote kwa mkwaju mmoja wa adhabu: kurudi ulipopigia, kurudi nyuma kwenye mstari unaounganisha bendera na mahali mpira ulipovuka ukingo mara ya mwisho, au kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka hapo, bila kusogea karibu na shimo. Vya njano havina hiyo ya tatu. Dondosha kutoka usawa wa goti, si bega. Kanuni ilibadilika mwaka 2019 na bado tunawaona watu wakinyoosha mkono. Kwa kijito kilicho mbele ya grini, njia ya pili ndiyo tunayoipenda, kwa sababu unaweza kurudi hadi kwenye ile 85 yako.

Nimehamia Kampala kutoka Mombasa. Chuma 7 niliyozoea ni 140, huku inapita grini. Je, ni mimi au ni kiwanja? — Msomaji, Muyenga

Ni hewa, pamoja na vilima. Karibu Kampala. Mji uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unapata upinzani mdogo. Ongeza asilimia 4 hadi 5: ile 140 inakuwa karibu 146. Entebbe na Jinja hazitofautiani sana na hapo. Ukialikwa Kabale, karibu mita 2,000, hesabu asilimia 7 hadi 8; ile 140 inakaribia 150, yaani fimbo nzima. Asubuhi ya baridi ya Kabale itakunyang'anya yadi chache kati ya hizo, kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko ya joto.

Hewa nyepesi ina tabia nyingine isiyosemwa sana: mzunguko wa mpira unafanya kazi kidogo. Mpira unaopinda kulia utapinda kidogo kuliko Mombasa, nalo ni jema. Lakini unashuka kwa mlalo zaidi na unaviringika zaidi ukitua, ndiyo maana unauona ukipita. Kwa hiyo usilenge bendera. Lenga mahali pa kutua, hatua kadhaa kabla ya kuifikia.

Halafu kuna miteremko. Kwa kila yadi moja ya kimo, ongeza au punguza takriban yadi moja ya umbali. Grini iliyo mita 10 chini yako inakula karibu fimbo nzima. Ukijumlisha mteremko huo na zile yadi sita za hewa, ndipo utaelewa mpira wako ulikokwenda.

Tabia ya pwani ya kupiga chini kukwepa kusi na kaskazi iache kabatini. Huku mkwaju wa juu unalipa, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, feawei zinapolowa na draiva haiviringiki. Miezi hiyo chukua namba yako ya hewani kama ndiyo namba nzima.

Mimi ni kedi, mbeba fimbo. Nikimpa mteja fimbo, akikosea ananilaumu. Nifanyeje? — Kedi, Jinja

Mpe namba kwanza, fimbo baadaye. "Ssebo (bwana), mbele ya grini 135, bendera 147, nyuma 162, upepo usoni kidogo." Nyamaza. Akiuliza fimbo, mpe fimbo. Hapo uamuzi umekuwa wa watu wawili.

Ili uwe na namba hizo, zunguka kiwanja jioni watu wakishaondoka. Hatua yako ndefu uizoeze iwe yadi moja: pima yadi 50 kwa utepe, uhesabu hatua zako, urekebishe. Kadi kwa kawaida hupima hadi katikati ya grini, na grini yenye kina cha hatua 30 inatofautisha fimbo mbili hadi tatu kati ya bendera ya mbele na ya nyuma. Andika kina cha kila grini kwenye kidaftari. Andika pia umbali wa kuvuka kila banka na kila mfereji kutoka ti zote, maana anayeanzia ti za mbele ana shimo jingine kabisa.

Kwenye grini, tazama mng'ao. Ukisimama nyuma ya mpira ukaona majani yanang'aa, yamelala kuelekea shimoni, mpira utakimbia. Yakionekana ya kiza, yamekulalia wewe, ongeza nguvu. Ukitilia shaka, chungulia mdomo wa shimo: upande uliochakaa, majani yake yamekatikakatika, ndiko yanakoelekea. Kwenye puti ndefu mwambie mteja kasi kabla ya mstari. Ni nadra puti ya futi 30 kukosea futi 5 kwa upande. Kwa urefu inatokea kila siku.

Na ujilinde na kanuni. Usisimame nyuma ya mpira kwenye mstari wa mkwaju mteja anapoanza kupanga miguu. Ukisimama hapo na akapiga bila kuondoka kwanza, ni mikwaju miwili kwake, au anapoteza shimo katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Usiweke kitu chochote chini kumwonyesha mstari. Mkumbushe pia asimuulize mpinzani ametumia fimbo gani. Ushauri anaruhusiwa kuupata kwako, au kwa mwenzake anayecheza upande mmoja naye, basi.

Tumbili kanyakua mpira wangu katikati ya feawei na kupanda nao mtini. Mwenzangu anasema mpira uliopotea ni mpira uliopotea. — Msomaji, Entebbe

Mwenzako amekosea. Ikijulikana, au ikiwa karibu na hakika, kwamba mnyama ameuchukua, unaweka mpira mwingine pale ulipokuwa, bila adhabu. Hujui pale hasa? Kadiria. Lakini mtu awe amemwona. Mpira uliotoweka tu huku tumbili wakipita jirani una dakika tatu za kutafutwa. Zikiisha, unarudi ulipopigia na mkwaju wa adhabu juu.

Siafu au nyuki wakiuzunguka mpira, unapata nafuu bila adhabu: ni hatari ya mnyama. Unyayo wa kiboko ni habari nyingine, kwani alama za nyayo hazihesabiwi kama shimo la mnyama. Jinja ilipata umaarufu kwa kanuni yake ya kiwanjani iliyoruhusu kuuinua mpira kutoka kwenye unyayo wa kiboko bila adhabu. Kwenye kiwanja kisicho na kanuni kama hiyo, cheza ulipo.

Pari 3 zinaniua. Napiga vizuri, naishia kwenye banka ya mbele. — Msomaji wa kike, Fort Portal

Dada, unachukua fimbo ya mkwaju wako bora, halafu unapiga mkwaju wako wa kawaida. Kama bendera ni 130 na chuma 6 yako inafika 130 ukiipiga safi kabisa, hiyo si fimbo ya 130. Chukua ile ambayo mkwaju wako wa wastani unatua katikati ya grini, na bendera ikiwa mbele nyuma ya banka, usiitazame. Ukiipiga safi utakuwa nyuma na puti ndefu. Ukiikosa kidogo uko katikati. Ukiikosa sana ndipo banka inakupata.

Tumia kiti cha mpira hata na chuma, kiwe chini, kiasi cha kuinua mpira juu ya majani. Ni mkwaju pekee unaoruhusiwa kujitengenezea mahali pazuri. Kuukataa ni kiburi tu.

Pari 5 ya yadi 510, msimu wa mvua, mashindano ya pointi. Nishambulie? Na matope kwenye mpira? Na radi? — Msomaji, Mbale

Mfumo wa pointi unasamehe: shimo baya linakupa sifuri na linaishia hapo, wakati katika hesabu ya mikwaju yote lile tisa linakufuata hadi mwisho. Kwa hiyo pa kujaribu ni pale unapopewa mkwaju wa bure na hatari yenyewe ni ya rafu, si ya maji. Hata hivyo, kwa 510 kwenye ardhi iliyolowa, kufika kwa miwili ni kazi ya wachache. Gawanya: 200, 180, 130. Mkwaju wa pili usiwe wa kukaribia kadiri uwezavyo, bali wa kuiacha ile 130, au 90 kama weji yako ni bora kuliko chuma 8. Uchaguzi huo ufanye ukiwa ti, kabla ya kuona mpira wa mwenzako.

Tope: mpira hukimbilia upande usio na tope. Likiwa kulia, lenga kulia kidogo maana mpira utakwenda kushoto. Likiwa kushoto, kinyume chake. Likiwa juu, haliyumbishi sana. Usiusafishe, isipokuwa kamati imetangaza ruhusa ya kuinua, kusafisha na kuweka, ambayo kwa kawaida ni kwa nyasi zilizokatwa fupi za feawei. Mpira uliojizika kwenye shimo uliochimba wenyewe kwa kutua, hata kwenye rafu, unainuliwa bila adhabu, unasafishwa, na kudondoshwa ndani ya urefu wa fimbo moja nyuma ya shimo hilo, bila kusogea karibu na bendera. Mchangani nafuu hiyo haipo.

Radi: huhitaji kungoja king'ora. Ukiona kwa haki kwamba kuna hatari, kanuni inakuruhusu kuacha mara moja, hata katikati ya shimo, mradi uijulishe kamati mapema iwezekanavyo. Kamati ikisimamisha yenyewe kwa hatari, huna ruhusa ya kupiga hata puti ya futi moja. Weka alama, uinue mpira, mwachie kedi naye nafasi ya kukimbia, na msijifiche chini ya mti. Gari lililofungwa lenye paa la chuma au jengo la klabu ndiko kwa kwenda, si kibanda cha makuti. Ngoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkirudi, mpira unawekwa pale pale ulipoinuliwa. Pakiwa pamegeuka dimbwi, unapata nafuu ya maji ya muda, bila adhabu.